Mashine Isiyo na Mwili

Kila chombo kina umri wake. Jembe huchakaa, mashua huoza, saa husimama, na hata mnara wa mawe huanguka siku yake ikifika. Walakini jembe likichakaa, mavuno yaliyopatikana kwalo yamekwisha kuliwa na watu wameshiba. Na mashua ikioza, shehena iliyobebwa nayo imekwisha kufika bandarini. Kufa kwa chombo hakufuti kazi kilichoifanya.

Lakini iko aina moja ya chombo ambacho kikifa huzikwa pamoja na kazi yake, nacho ni chombo cha kusomea. Fikiri, msomaji, juu ya tendi za kale za pwani yetu. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728 kwa herufi za Kiarabu, na tendi nyingine nyingi zilihifadhiwa kwa herufi hizo hizo. Kijana wa leo asiyefundishwa herufi hizo akiwekewa hati kama hiyo mbele yake, karatasi ataiona na wino atauona, wala neno moja hatalifahamu mpaka apatikane mtu wa kumsomea. Lugha ni yake na hati ni ya wazee wake. Kilichokosekana ni ufunguo.

Jambo kama hilo limezipata kompyuta, tena kwa kasi kubwa zaidi. Programu ni maandishi, nayo huandikwa kwa ajili ya mashine ya namna moja tu. Mashine hiyo ikiacha kutengenezwa, na zile zilizobaki zikiharibika moja baada ya moja, programu zake hugeuka kuwa safu za tarakimu zisizosema neno. Hati yaweza kupoteza wasomaji wake kwa karne mbili. Programu yaweza kuwapoteza kwa miaka kumi.

Dawa ya ugonjwa huu imepatikana, nayo ndiyo habari ninayotaka kukusimulia. Wahandisi huiita emuleta. Emuleta ni programu inayoifundisha mashine mpya kujifanya mashine ya zamani: kuzitii amri zile zile, kwa mpango ule ule, mpaka kazi iliyoandikwa kwa ajili ya mashine iliyokufa ifanyike tena kana kwamba mashine yenyewe imefufuka. Nimechagua mfano mdogo kuliko yote, mashine ya michezo iitwayo CHIP-8, kwa sababu mambo makubwa huonekana vyema katika vitu vidogo, na kwa sababu mwanafunzi mwenye subira anaweza kuijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Wazo la mashine kuiga mashine lilitangulia kompyuta zenyewe. Mwaka 1936 Mwingereza mmoja aliyeitwa Alan Turing aliandika makala ya hisabati akieleza mashine ya kufikirika, yenye utepe mrefu na alama zilizoandikwa juu yake. Alionyesha kwamba mashine moja, ikipewa maelezo kamili ya mashine nyingine yoyote ya aina hiyo, inaweza kuifanya kazi ya hiyo nyingine. Zingatia maneno haya: ikipewa maelezo kamili. Turing hakusema ikipewa vyuma vyake, wala nyaya zake. Alisema, kwa kweli, kwamba uhai wa mashine ya namna hii umo katika kanuni zake, na kanuni zikiandikwa barabara zaweza kuhamia katika mwili mwingine.

Kwa muda mrefu wazo hilo lilikuwa mali ya wanahisabati. Biashara ndiyo iliyolileta sokoni. Mwaka 1959 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta iliyoitwa 1401, ikauzwa sana. Mabenki, viwanda na ofisi za serikali vikatumia fedha nyingi kuandikisha programu za mishahara na hesabu kwa ajili yake. Mwezi wa Aprili 1964 IBM ikatangaza jamii mpya ya kompyuta, System/360, ambayo haikuzijua amri za ile ya zamani. Je, wateja wangekubali kuitupa kazi ya miaka mitano? Wahandisi wakatia katika baadhi ya mashine hizo mpya uwezo wa kuzitii amri za 1401, na uwezo huo ndio walioupa jina la emuleta, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kuiga kwa bidii mpaka kulingana. Emuleta, basi, ilizaliwa kwa ajili ya orodha za mishahara. Michezo ilikuja baadaye.

Sasa tuingie katika habari ya CHIP-8. Huko Marekani palikuwa na mhandisi aitwaye Joseph Weisbecker, aliyezaliwa mwaka 1932, aliyefanya kazi katika kampuni kubwa ya redio na televisheni ya RCA. Siku hizo kompyuta ilikuwa kitu cha kujaza chumba, na bei yake iliwezwa na makampuni na serikali tu. Weisbecker alikuwa na fikira nyingine. Aliamini kwamba kompyuta yaweza kuwa ndogo na rahisi, ikakaa nyumbani, ikafundisha watoto na kuwachezesha. Alikuwa amekwisha kubuni vitu vya watoto vya kuchezea vilivyofundisha mantiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliunda nyumbani kwake kompyuta ndogo ya namna hiyo, na kutokana na jitihada zake RCA ilitoa mwaka 1976 chipu iliyoitwa 1802. Chipu hiyo ilitumia umeme kidogo sana, na sifa zake zikaipeleka mbali: ilikuwamo katika chombo cha anga kiitwacho Galileo, kilichorushwa mwaka 1989 kwenda kuichunguza sayari ya Mshtarii.

Mwezi wa Januari 1977 RCA ilianza kuuza mashine ya michezo ya televisheni, Studio II. Binti yake Weisbecker, Joyce, alitunga baadhi ya michezo yake akiwa bado kijana, na leo hutajwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kutunga michezo ya namna hiyo iliyouzwa madukani. Biashara yenyewe haikustawi. Picha zake zilikuwa nyeupe na nyeusi tu, ilhali washindani walionyesha rangi, na mwaka 1978 ikaachwa.

Lakini mwaka huo huo wa 1977 ilitoka mashine nyingine, COSMAC VIP, iliyouzwa kwa dola 275 kama vipande vya kuunganishwa na mnunuzi mwenyewe. Ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 2,048. Baiti moja ni nafasi ya kuwekea namba moja, kuanzia 0 hadi 255. Vitufe vyake vilikuwa 16 tu, na kioo chake kilikuwa televisheni ya nyumbani. Hapo Weisbecker alikutana na shida. Amri za chipu ya 1802 zilikuwa ndogo ndogo mno, na mtu wa kawaida angechoka kabla ya kuufikisha mchezo mwisho. Akabuni lugha fupi ya amri zilizo kubwa kidogo: weka namba hapa, jumlisha, ruka, chora picha, ngoja kitufe. Kisha akaandika mkalimani, yaani programu ya kuzisoma amri hizo moja moja na kuzitimiza kwa lugha ya 1802. Mkalimani huyo alitosha katika baiti 512, na lugha yenyewe ndiyo CHIP-8. Mwezi wa Desemba 1978 Weisbecker aliieleza katika gazeti la Byte.

Unaona, msomaji, ajabu iliyopo hapa? CHIP-8 haikupata kuwa na mwili hata siku moja. Hapana kiwanda kilichoiunda kwa chuma. Tangu siku ya kwanza ilikuwa mashine ya kufikirika iliyokaa ndani ya mashine ya kweli, kama mgeni katika nyumba ya kupanga. Kwa sababu hiyo wako wataalamu wasemao kwamba programu ya kuiendesha yapasa kuitwa mkalimani, wala si emuleta. Hoja yao ni ya haki. Lakini kazi ya mjenzi ni ile ile, na wengi waliojenga emuleta za mashine kubwa walianza kwa kujenga hii. Nyumba ya kupanga ikibomoka, mgeni huyu huchukua mzigo wake akahamia nyingine.

Tutazame umbo lake. CHIP-8 ina kumbukumbu ya baiti 4,096, zilizopewa namba kuanzia 0 hadi 4,095. Katika VIP iliyoongezwa kumbukumbu kufikia kiasi hicho, baiti 512 za mwanzo zilikaliwa na mkalimani, na baiti 352 za mwisho zilishikwa na picha ya kioo na mahesabu ya mkalimani. Mchezo ulibakiwa na baiti 3,232, nazo ni chache kuliko herufi za kurasa mbili za kitabu cha kawaida. Ndiyo maana hata leo kila mchezo wa kale wa CHIP-8 huanza katika nafasi ya 512, ingawa mkalimani wa kwanza hayupo tena mahali pale. Ni kama ukoo unaoendelea kuuzunguka mti ulioanguka zamani, kwa sababu njia ilikwisha kukatwa hivyo.

Zaidi ya kumbukumbu, mashine ina visanduku 16, kila kimoja cha namba moja ya kuanzia 0 hadi 255. Majina yao ni V0, V1, V2 na kuendelea mpaka VF. Hapa yafaa kueleza namna ya kuhesabu. Sisi tuna alama kumi, 0 hadi 9. Watu wa kompyuta huongeza sita: A ni 10, B ni 11, C ni 12, D ni 13, E ni 14, na F ni 15. Katika namba ya tarakimu mbili, ya kushoto huhesabu kumi na sita sita. Kwa hiyo 6A ni 6 mara 16, yaani 96, ukiongeza 10 unapata 106. Tarakimu ya tatu huhesabu 256: namba 206 kwa hesabu hiyo ni 2 mara 256, kisha sifuri, kisha 6, jumla yake 518. Ukiufahamu mlango huu umekwisha kuingia ndani ya nyumba.

Kila amri ya CHIP-8 ni baiti mbili, yaani tarakimu nne za namna hiyo. Mjenzi wa emuleta huifunza mashine yake kufanya mambo matatu bila kuchoka: kuisoma amri iliyopo katika nafasi ya zamu, kuifahamu, na kuitimiza, kisha kusogea nafasi mbili mbele na kuanza tena. Tarakimu ya kwanza husema aina ya amri. Tazama programu hii ndogo ya amri nne, iliyowekwa kuanzia nafasi ya 512: 6005, 6103, 8014, 1206. Amri ianzayo kwa 6 ni ya kuweka: 6005 yasema, weka 5 katika V0, na 6103, weka 3 katika V1. Amri ya 8014 yasema, chukua kilichomo katika V1 ukijumlishe katika V0. Sasa V0 ina 8. Amri ianzayo kwa 1 ni ya kuruka: 1206 yasema, nenda katika nafasi ya 206, ambayo tumeona kuwa ni 518. Amri hii yenyewe imo katika nafasi ya 518, basi itajirudia milele, na programu imetua. Chukua penseli na daftari, chora visanduku kumi na sita, uzifuate amri hizo kwa kidole. Ukimaliza, wewe mwenyewe umekuwa emuleta.

Kisanduku cha mwisho, VF, kina wadhifa wa pekee: hutoa habari. Ukijumlisha 250 na 10 kwa amri ya jamii ya 8, jawabu ni 260, nalo halienei katika sanduku lisilozidi 255. Mashine huondoa 256, ikaacha 4, na kuweka 1 katika VF ili kutangaza kwamba kitu kimemwagika. Lakini ukijumlisha kwa amri ianzayo kwa 7, namba humwagika vile vile na VF haisemi neno. Kwa nini moja itangaze na nyingine inyamaze? Usiulize kwanza kama ni vizuri, ndivyo ilivyokuwa. Mjenzi anayeona huruma akaifanya amri ya 7 itangaze nayo, huharibu michezo iliyoitegemea kimya chake.

Uchoraji ndio sehemu tamu kuliko zote. Kioo cha CHIP-8 kina nukta 64 kwa upana na 32 kwa urefu, jumla nukta 2,048. Kila moja inawaka au imezimika, hapana katikati. Picha huandikwa kwa baiti, na kila baiti ni mstari wa nukta nane. Tarakimu 0, kwa mfano, ni baiti tano: F0, 90, 90, 90, F0. F ni nukta nne zinazowaka, na 9 ni ya kwanza na ya nne tu. Zichore katika daftari la hesabu, mstari chini ya mstari, nawe utaiona sifuri yenye pembe nne. Amri ya kuchora ina kanuni moja ya ajabu: inapokuta nukta iliyozimika huiwasha, na inapokuta iliyowaka huizima. Kwa hiyo picha ikichorwa mara mbili mahali pamoja hufutika, na kwa njia hiyo mpira huweza kutembezwa: chora, futa, sogea, chora. Kama katika kuchora kuna nukta yoyote iliyozimwa, VF hupewa 1. Hivyo ndivyo mchezo unavyojua kwamba mpira umegonga ukuta au risasi imempata adui. Amri moja inachora, inafuta na kutoa habari ya mgongano. Hiyo ndiyo akili ya mtu aliyekuwa na baiti 512 tu za kumalizia kazi yake.

Kuna pia saa mbili ndani yake, moja ya kupima muda na nyingine ya sauti, na kila moja hupungua mara 60 kwa sekunde. Kwa nini 60? Kwa sababu televisheni za Marekani zilichora picha mara 60 kwa sekunde, na VIP ilifuata pigo la televisheni. Hata amri ya kuchora ilingoja pigo hilo ndipo ifanye kazi. Hapa mjenzi wa leo hukutana na mtihani asioutazamia. Mashine ya zamani ilitimiza amri za CHIP-8 kwa mamia katika sekunde moja. Ya leo inaweza kutimiza mamilioni. Ukiiacha ikimbie ipendavyo, mchezo utaanza na kwisha kabla ya mchezaji hajakunja kidole. Basi lazima kuifundisha kungoja. Mwenye nguvu anayefuatana na mzee njiani hupunguza hatua zake, wala hamburuti mzee.

Sasa nifike katika jambo linalonifanya niihesabu habari hii kuwa ya historia, wala si ya ufundi peke yake. Kitabu kilichouzwa pamoja na VIP kiliorodhesha amri 31 za CHIP-8. Wapenzi wa mashine walipomchunguza mkalimani baiti kwa baiti wakagundua amri nyingine nne zilizofanya kazi bila kutajwa kitabuni. Sababu yake ilikuwa hii: katika amri za jamii ya 8, mkalimani aliipeleka tarakimu ya mwisho moja kwa moja kwa chipu ya 1802, na chipu ikaitii kwa desturi zake yenyewe. Leo huhesabiwa amri 35. Lakini kwa kuwa zile nne hazikuelezwa katika kitabu, waliokuja baadaye walizifahamu mbalimbali.

Mwaka 1990 kijana aitwaye Andreas Gustafsson alitoa CHIP-48, mkalimani wa CHIP-8 kwa ajili ya HP-48, kikokotoo cha mkononi kilichotumiwa na wanafunzi wa uhandisi. Mwaka 1991 Erik Bryntse aliiendeleza kazi hiyo kwa kuongeza picha kubwa zaidi. Hao ndio walioufufua mchezo huu wakati VIP ilikuwa imekwisha kusahauliwa na RCA yenyewe imekwisha kununuliwa na General Electric mwaka 1986. Twawashukuru. Walakini katika kuhama nyumba baadhi ya desturi zilibadilika. Chukua amri ya 8126, ambayo ni ya kugawanya kwa mbili. Tuseme V1 ina 9 na V2 ina 20. Katika VIP, mashine huchukua namba iliyomo V2, huigawanya kwa mbili na kuweka jawabu katika V1: V1 inakuwa 10, na baki, ambayo ni 0, huenda VF. Katika CHIP-48, V2 haitazamwi kabisa. V1 yenyewe ndiyo inayogawanywa: 9 inakuwa 4, na baki ya 1 huenda VF. Amri ni ile ile na visanduku ni vile vile, lakini majawabu ni mawili. Mchezo wa mwaka 1978 ulioitegemea desturi ya kwanza huvurugika ukiendeshwa kwa ya pili, na wa mwaka 1991 huvurugika kwa ya kwanza.

Je, iliyo ya haki ni ipi? Mmoja atasema: ya Weisbecker, kwa kuwa ndiyo asili, na mwacha asili ni mtumwa. Mwingine atasema: ya baadaye, kwa kuwa michezo mingi imeandikwa kwayo, na desturi iliyokubaliwa na watu imekwisha kuwa sheria. Mimi naona kwamba wote wawili wanauliza swali lisilofaa. Aliyekabidhiwa hati mbili zinazohitilafiana hapewi ruhusa ya kuzichanganya akatunga ya tatu. Wajibu wake ni kuzihifadhi zote mbili, kila moja kwa jina lake na mwaka wake, na kumwambia msomaji wazi wazi zinapoachana. Wajenzi hodari wa CHIP-8 hufanya hivyo: huweka katika emuleta swichi ya kuchagua desturi ya VIP au ya kikokotoo, na mchezo hupewa dunia ile ulimozaliwa.

Huu ni wajibu mgumu kuliko unavyodhaniwa. Mwanadamu hupenda kusahihisha. Akikuta kosa katika kazi ya wazee, mkono humwasha. Lakini kosa la zamani ambalo watu wameishi nalo si kosa tu. Limekuwa sehemu ya habari zao. Mwanahistoria akiambiwa kwamba wazee waliamini jambo lisilo kweli, haliondoi katika kitabu chake. Huandika kwamba waliliamini, kisha hueleza ukweli pembeni. Kadhalika mjenzi wa emuleta: hupaswa kuwa mwaminifu hata kwa upungufu wa mashine, na maoni yake ayaandike mahali pengine.

Funzo la pili limo katika ile karatasi ya mwanzo. Kitabu cha VIP kilichapa michezo 20, tarakimu kwa tarakimu, na kilimchapa mkalimani mwenyewe, baiti zake zote 512. Mwenye mashine aliketi na kuviingiza kwa vitufe, kisha akavihifadhi katika kaseti ya sauti. Kaseti huliwa na ukungu na mashine hushikwa na kutu, lakini kurasa zilizochapwa zilibaki, na kutoka katika kurasa hizo michezo hiyo yaweza kuchezwa leo. Weisbecker alifariki mwaka 1990, na hati zake zimewekwa katika maktaba ya Hagley huko Delaware, Marekani. Kazi yake haikuokolewa na ukubwa wa kampuni wala kwa wingi wa mauzo. Iliokolewa kwa sababu iliandikwa wazi, kwa ufupi, ikatolewa kwa watu wengi. Kitu kilichofichwa na mwenyewe kwa woga wa kuibiwa aghalabu hufa naye.

Pengine utauliza: ya nini taabu yote hii kwa ajili ya nukta zinazorukaruka juu ya kioo? Nakujibu kwamba mchezo ni mwalimu mpole, lakini somo lake si la mchezo. Ofisi zetu, shule zetu na hospitali zetu sasa huandika mambo yake katika kompyuta: hati za ardhi, daftari za vizazi, matokeo ya mitihani. Siku itafika ambapo mashine zilizoandika mambo hayo zitakuwa kama VIP. Siku hiyo patahitajika watu wanaojua jinsi ya kuisoma kazi ya mashine iliyokufa, na watu hao hawataokotwa njiani; watakuwa wamejizoeza katika mambo madogo walipokuwa vijana.

Kama unataka kuwa mmoja wao, anza na daftari kabla ya kompyuta. Chora visanduku vyako kumi na sita. Andika amri thelathini na tano, kila moja katika mstari wake, na mbele ya kila moja eleza kwa Kiswahili chako kinachopaswa kutokea. Kisha, katika lugha yoyote ya programu uliyofundishwa, tengeneza kumbukumbu ya baiti 4,096, weka mchezo kuanzia nafasi ya 512, na ufundishe amri mbili au tatu tu: kuweka, kuruka, kuchora. Ijaribu kila amri peke yake kabla ya kuongeza nyingine, maana kosa moja dogo likifichwa na amri thelathini ni shida kulipata. Haba na haba hujaza kibaba. Siku moja utaona juu ya kioo chako nukta chache nyeupe zikijipanga kuwa sifuri yenye pembe nne, kama ilivyopangwa na mtu uliyetengwa naye na bahari na miaka mingi. Ukiiona, usikimbilie kucheza mara moja. Irudie orodha yako, uhakikishe kwamba sifuri hiyo ni yake kweli, wala hukuitengeneza wewe kwa kupenda iwe hivyo.